Waliambiwa Wanahamishwa

Hotuba juu ya mauaji ya Waarmenia ya mwaka 1915, iliyotolewa Arusha mbele ya walimu na wanafunzi wa historia, jioni ya tarehe 24 Aprili, kisha ikaandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, na ninyi vijana, asanteni kwa kuja na mvua hii.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Basi tuanze na mbiu. Mwishoni mwa Juni 1915, katika mji wa Harput mashariki mwa Anatolia, ndani ya Uturuki ya leo, mpiga mbiu alipita mtaa kwa mtaa akitangaza kwamba Waarmenia wote watahamishwa, na siku ya kila mtaa kuondoka imekwisha pangwa. Zilibaki siku chache tu. Konsuli wa Marekani mjini hapo, Leslie Davis, aliandika aliyoyaona siku zile. Cherehani iliyonunuliwa kwa dola 25 iliuzwa kwa senti 50. Mazulia ya thamani yalitoka kwa chini ya dola moja. Wanunuzi aliwafananisha na tai wanaoshukia mzoga.

Naomba tukae kidogo na ile cherehani. Mama anayeiuza kwa senti 50 bado anaamini kwamba kuna mahali anakwenda, na kwamba huko senti 50 zitamfaa.

Mimi nimefundisha historia miaka mingi, na kilichonivuta kwenye habari hii ni maneno. Mswahili akisoma nyaraka za Dola ya Uthmania, dola ya Waturuki iliyotawala huko wakati ule, anasikia sauti za nyumbani, kwa sababu Kituruki cha ofisini wakati ule kilijaa Kiarabu, na Kiarabu hichohicho kimelea sehemu kubwa ya msamiati wetu. Mkuu wa mkoa aliitwa vali. Huyo ni liwali wetu. Mkuu wa wilaya aliitwa kaymakam, na ndani ya jina hilo mnawasikia kaimu na makamu wakiwa wamekaa pamoja. Sheria iliyopitishwa tarehe 27 Mei 1915 ilikuwa kanun ya muvakkat, yaani kanuni ya wakati tu, ya muda. Kitendo chenyewe kikaja kuitwa tehcir, neno la mzizi mmoja na hijra na muhajirina. Kikosi cha siri ambacho watu wake walitumwa kuua njiani kiliitwa Teşkilât-ı Mahsusa, na hiyo mahsusa ni mahsusi yetu. Nyumba, mashamba, maduka na makanisa ya waliopelekwa yakaitwa emval-i metruke: mali zilizoachwa.

Zilizoachwa! Kana kwamba mtu alitoka asubuhi akasahau ufunguo mlangoni. Mwezi Septemba mwaka huohuo ilitungwa sheria nyingine ya kuzisimamia mali hizo, na kamati zikaundwa kuziandika, kuziuza na kuzigawa. Nyingi walipewa wakimbizi Waislamu waliokuwa wamefukuzwa Balkani, watu ambao nao walikuwa na machozi yao. Katika ile sheria ya Mei jina la Waarmenia halikutajwa hata mara moja. Ilizungumzia wakazi wa vijiji na miji ambao makamanda wa jeshi wangeona inafaa kuwahamisha kwa sababu za kijeshi. Ukiisoma bila kujua chochote, utadhani ni waraka wa kuhamisha watu bondeni kabla ya mafuriko.

Haya mambo yalitoka wapi? Nitapita haraka, maana vijana wa kidato cha tano wanayo kwenye madaftari. Waarmenia walikaa nyanda za juu za Anatolia kwa karne nyingi kabla Waturuki hawajafika, wakiwa Wakristo chini ya dola ya Kiislamu, wakilipa kodi zao na kuendesha mambo ya kanisa na ndoa wenyewe. Kati ya 1894 na 1896 waliuawa kwa makumi ya maelfu chini ya Sultani Abdulhamid wa Pili. Mwaka 1909 waliuawa tena kule Adana. Katikati hapo, mwaka 1908, chama cha Umoja na Maendeleo kilirudisha katiba, na Waarmenia na Waturuki wakakumbatiana barabarani Istanbul. Kisha dola ikapoteza karibu ardhi yake yote ya Ulaya katika vita vya 1912 na 1913, na wakubwa wa chama wakaanza kuwaona Wakristo waliosalia kama ufa ndani ya ukuta. Walioshika usukani ni watatu: Talaat, waziri wa mambo ya ndani, Enver, waziri wa vita, na Djemal, waziri wa jeshi la majini aliyeongoza pia jeshi la Syria.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Enver alipeleka jeshi kupigana na Warusi kule Sarıkamış wakati wa baridi kali, Desemba 1914 hadi Januari 1915, na maelfu kwa maelfu ya askari wake wakafa, wengi kwa theluji hata kabla ya risasi. Lawama ikahitaji mtu wa kuibeba. Ni kweli kwamba upande wa Urusi walikuwepo Waarmenia wa kujitolea. Ni kweli kwamba mjini Van, Aprili 1915, Waarmenia walichukua silaha wakajihami hadi Warusi walipofika mwezi Mei. Mtetezi wa serikali ile atakutajia Van kabla hujamaliza sentensi yako ya kwanza. Mjibu kwa kumwonyesha ramani. Waarmenia wa Ankara wengi walikuwa Wakatoliki wasio na habari na chama chochote. Wa Bursa walikuwa karibu na Bahari ya Marmara. Hao walikuwa mbali na Warusi kwa mamia ya kilomita, na wao pia waliambiwa wanahamishwa.

Tumekutana tarehe 24 Aprili kwa sababu usiku wa tarehe hiyo, mwaka 1915, polisi wa Istanbul waligonga milango ya Waarmenia zaidi ya 200 wenye majina: washairi, madaktari, wahariri, makasisi, walimu. Walipelekwa bara, Ayaş na Çankırı. Mshairi Daniel Varoujan aliuawa mwezi Agosti. Alikuwa na umri wa miaka 31. Padri Komitas, aliyepita vijijini miaka na miaka akikusanya nyimbo za wakulima, alirudishwa baada ya majuma machache. Mwili ulirudi, akili ikagoma. Aliishi mpaka 1935, akafia Paris katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Krikor Zohrab alikuwa mbunge, na alimfahamu Talaat kiasi cha kukaa naye meza moja. Naye alikamatwa baadaye kidogo, akauawa karibu na Urfa.

Baada ya vichwa, mikono. Wanaume vijana walikuwa wamekwisha kuitwa jeshini. Mwanzoni mwa 1915 walinyang'anywa bunduki, wakapewa sepetu na mizigo katika vikosi vya kazi vilivyoitwa amele. Amali ya kweli, kuchonga barabara. Wengi waliuawa kundi baada ya kundi, barabara zilezile walizozichonga zikiwa bado mbichi. Wanaume waliobaki mijini walikamatwa, wakafungwa kamba wanne wanne, wakatolewa nje ya mji, na hawakuonekana tena.

Ndiyo maana picha ya ile misafara ni picha ya akina mama, watoto na vikongwe. Ukisikia mtu anasema ilikuwa vita baina ya pande mbili, muulize upande wa pili katika barabara ya Harput ulikuwa na nani.

Sasa njia yenyewe. Kutoka hapa Arusha hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Wengi wenu mmekwenda kwa basi mkashuka miguu imevimba. Mtu wa Erzurum alitembea mwendo usiopungua huo kufika Aleppo, mji ambao Waarabu wanauita Halab, na huko ndiko kwanza aliambiwa kwamba bado. Alipita milima ambayo usiku ni baridi hata kiangazi, kisha tambarare ambazo mchana jua linachoma kokoto. Wenye pesa walianza safari na mikokoteni ya ng'ombe. Baada ya siku kadhaa wenye mikokoteni waligeuza wakarudi, au waliamriwa kugeuza. Kutoka hapo kila kitu kilikuwa mgongoni, na kila kilichokuwa mgongoni kikaachwa kimoja kimoja: godoro, sufuria, kisha mzee, kisha mtoto.

Walisindikizwa na jandarma, askari wa serikali wa vijijini. Askari hao wangeweza kuwalinda na majambazi, na mara nyingi waliwauzia majambazi hao nafasi. Watu wa kile kikosi mahsusi, ambao baadhi yao walitolewa magerezani kwa kazi hiyo, walisubiri kwenye makorongo. Korongo la Kemah, karibu na Erzincan, ambako Mto Frati umebanwa na kuta za mawe, lilipokea maelfu mwezi Juni 1915. Trabzon, mji wa Bahari Nyeusi, watu walipakiwa kwenye mashua zikarudi tupu.

Maji ndiyo yanayotajwa na karibu kila aliyenusurika. Msafara unafika kisimani, askari anasimama mbele ya kisima. Anayetaka kunywa alipe. Akilipa leo, kesho anaulizwa tena, na keshokutwa hana kitu. Wengine walitembea siku nzima kando ya Frati wakiyaona maji bila ruhusa ya kushuka. Wengine waliposhuka waliingia wasitoke, akina mama waliojifunga pamoja kwa vitambaa, na mabinti walioona heri mto kuliko mkono wa mwanamume aliyekuwa amekwisha kuwachagua.

Kulikuwa na kuchagua, naam. Njiani, vijijini na kwenye viwanja vya miji, wasichana walichukuliwa. Wengine waliolewa kwa nguvu, wengine wakawa vijakazi, wengine waliuzwa. Watoto wadogo walibebwa wakapewa majina mapya na dini mpya. Hapo sipendi kusema kwa sauti ya hakimu. Mama aliyemkabidhi mwanawe wa miaka mitatu kwa mwanamke wa kijijini asiyemjua, akaendelea kutembea bila kugeuka, alimtupa au alimwokoa? Watoto wengi walioishi waliishi kwa njia hiyo. Leo nchini Uturuki wako watu ambao walikuja kuambiwa ukubwani, bibi akiwa karibu kufa, kwamba bibi alizaliwa na jina jingine.

Henry Morgenthau, balozi wa Marekani mjini Istanbul, alikusanya taarifa za makonsuli wake, na tarehe 16 Julai 1915 alipiga simu ya maandishi Washington akisema kinachoendelea ni kampeni ya kuliangamiza taifa zima. Katika kitabu alichotoa 1918 anasimulia msafara mmoja ulioanzia Harput, ukakutana na mingine njiani mpaka ukafikia watu 18,000. Siku ya 70 ulifika Aleppo. Walikuwa wanawake na watoto 150.

Naomba hapa niseme neno la pembeni. Vita hivyohivyo vilipita kwetu. Wazee wetu walikusanywa kubeba mizigo ya majeshi ya Waingereza na Wajerumani, wakafa kwa makumi ya maelfu kwa kuhara, malaria na njaa, na kila ukienda soko la Kariakoo unatamka, bila kujua, jina la kikosi chao, Carrier Corps. Wapagazi wale walikufa kwa sababu mkubwa hakujali kama wanafika, mradi mzigo ufike. Msafara wa Harput haukuwa na mzigo wa kufikisha, na kutembea kwenyewe ndiko kulikuwa kazi. Silinganishi maumivu, maana maumivu hayana mizani. Nataka tu vijana waone tofauti kati ya barabara inayoua na barabara iliyowekwa ili iue.

Waliotoka magharibi walikuwa na reli. Reli ya Baghdad, iliyojengwa kwa fedha na mafundi wa Kijerumani, iliwabeba katika mabehewa ya mifugo, wamebanana wakiwa wamesimama. Na wengi walilipishwa nauli. Fikiri karani dirishani anakata tiketi, anahesabu chenji. Reli haikuwa imekamilika kupita milima ya Taurus na Amanus, kwa hiyo walishushwa, wakapanda milima kwa miguu, wakapakiwa tena upande wa pili. Kwenye vituo walilala nje kwa majuma wakingoja, na homa ya chawa ikawapitia kama moto wa nyasi.

Aleppo ikawa shingo ya chupa, na kutoka hapo njia iliteremka na Frati: Meskene, Raqqa, mpaka Deir ez-Zor katikati ya jangwa la Syria. Huko ndiko walikoambiwa watapewa makazi mapya. Hapakuwa na nyumba, mbegu wala majembe. Palikuwa na mahema ya matambara, na watu wakichambua kinyesi cha farasi kutafuta punje za shayiri. Wakati fulani mkuu wa Deir ez-Zor alikuwa Ali Suad Bey, mtu mwenye utu. Aliwaacha watu wafungue vibanda, wachome mkate, na watoto yatima akawatafutia pa kulala. Wale walioonja mwezi mmoja wa maisha wakaanza kuamini kwamba labda yamekwisha. Basi katikati ya 1916 aliondolewa, akaletwa Salih Zeki, na watu wakatolewa mjini makundi kwa makundi kuelekea Mto Khabur. Makadirio ya waliouawa eneo lile katika miezi michache ni kati ya 150,000 na 200,000. Walikuwa wamekwisha kutembea mpaka mwisho wa njia, wakauawa huko.

Kuna kijana aliniuliza mwaka jana: Mwalimu, hii si ilikuwa ni Waislamu na Wakristo? Nilimjibu kwa kumtajia watu. Celal Bey, liwali wa Aleppo, alikataa kutekeleza amri, akahamishiwa Konya. Huko alizuia maelfu wasipelekwe mbele mpaka alipoondolewa kabisa. Baadaye alijieleza kuwa alikuwa kama mtu aliyekaa ukingoni mwa mto hana chochote cha kuokolea, huku mto unateremsha damu na watoto, na yeye anashika wale tu ambao mkono wake unawafikia. Hüseyin Nesimi, kaymakam wa Lice, alikataa, akaitwa Diyarbakır kwa liwali wake, akauawa njiani. Faik Ali kule Kütahya aliwalinda Waarmenia wa wilaya yake. Wakurdi na Waarabu wa vijijini waliwaficha watu kwenye ghala za nafaka, na wengine wa kabila hizohizo waliwavamia. Huwezi kuvika kabila zima kanzu moja. Mwaka 1917 Sharif Hussein wa Makka aliandika barua kwa viongozi wake, akiwataka wawalinde Waarmenia waliobaki na kuwasaidia kama wanavyojilinda wao wenyewe na watoto wao, kwa kuwa hao ni watu walio katika dhima ya Waislamu. Dhima! Neno hilo nalo tunalo, na sisi tunapolitamka tunamaanisha wajibu ulio shingoni mwa mtu.

Na wakubwa wa Ulaya? Tarehe 24 Mei 1915 Uingereza, Ufaransa na Urusi zilitoa tamko la pamoja likitaja makosa dhidi ya ubinadamu na kuahidi kuwawajibisha wahusika. Maneno mazito. Ujerumani, mshirika wa Uthmania, ilikuwa na maafisa wake kila kona. Mmoja wao, Armin Wegner wa kikosi cha tiba, alipiga picha kambini kinyume na amri, na picha hizo ni miongoni mwa chache tulizonazo. Meli za Kifaransa zilifanya jambo moja linaloshikika. Vijiji sita vya mlima Musa Dagh, karibu na pwani ya Mediterania, vilikataa amri ya kuondoka, vikapanda mlimani na bunduki chache na mbuzi wao. Walitandaza shuka kubwa lenye msalaba mwekundu likitazama bahari. Mwezi Septemba manowari zililiona shuka, zikawabeba watu zaidi ya 4,000 hadi Port Said, Misri. Kwa hiyo barani mwetu kulikuwa na kambi ya mahema ya Waarmenia mwaka uleule.

Mnaniuliza jumla ya waliokufa. Kabla ya vita Waarmenia wa dola ile walikuwa kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili, na wengine wanahesabu zaidi. Waliokufa, kwa makadirio ya wanahistoria, ni kati ya 600,000 na milioni 1.5, na Waarmenia wenyewe wanashika hiyo ya mwisho. Waashuri na Wagiriki wa Anatolia nao waliuawa na kufukuzwa katika miaka hiyo, na hadithi zao zinastahili jioni zao. Serikali ya Uturuki mpaka leo inakubali kwamba Waarmenia wengi walikufa, lakini inakataa kwamba palikuwa na nia ya kuwaangamiza. Inasema ni balaa la vita, njaa na magonjwa. Uruguay ililitambua tukio hilo kuwa ni mauaji ya kimbari mwaka 1965, Ufaransa 2001, bunge la Ujerumani 2016, na rais wa Marekani akalitamka neno hilo mwaka 2021. Mjini Istanbul mwandishi Hrant Dink, Mwarmenia raia wa Uturuki aliyetaka watu wazungumze bila kutukanana, alipigwa risasi mbele ya ofisi ya gazeti lake tarehe 19 Januari 2007. Siku ya mazishi Waturuki kwa maelfu walitembea na mabango yaliyoandikwa kwamba sisi sote ni Waarmenia. Mimi nikisikia mtu anawasema Waturuki wote, huwakumbuka wale wa mabango.

Nimetamka mauaji ya kimbari. Mwaka 1915 neno hilo lilikuwa bado halijabuniwa. Talaat alikimbilia Berlin baada ya vita. Mahakama ya kijeshi ya Istanbul ilimhukumu kifo mwaka 1919 bila yeye kuwepo. Tarehe 15 Machi 1921 kijana Mwarmenia, Soghomon Tehlirian, alimpiga risasi barabarani, na mahakama ya Ujerumani ikamwachia huru. Mwanafunzi mmoja Myahudi wa Poland, Raphael Lemkin, alisoma habari hiyo, akamuuliza profesa wake: kwa nini ni kosa Tehlirian kuua mtu mmoja, na si kosa Talaat kuua watu zaidi ya milioni? Profesa akamjibu kwa mfano wa mfugaji na kuku wake: akiamua kuwachinja, ni kuku wake, wewe ukiingilia unavamia uwanja wa mtu. Lemkin hakuridhika na mambo ya kuku. Mwaka 1944 alibuni neno, na tarehe 9 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba juu yake.

Mkataba huo ulikaa nusu karne bila mahakama yoyote ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo. Mara ya kwanza ilitokea hapa. Hapa Arusha, katika majengo ya AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, ambayo wengine wenu mnayapita mkienda sokoni, tarehe 2 Septemba 1998, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba nchini Rwanda, alitiwa hatiani. Na katika hukumu hiyohiyo majaji walisema kwamba kubaka wanawake kwa nia ya kuliangamiza kundi lao nako ni mauaji ya kimbari. Wanawake wa njia ya Deir ez-Zor walikuwa wamengoja sentensi hiyo miaka 83. Ilisomwa hapa mjini kwetu, na sidhani wengi tuliisikia. Nakumbuka siku hizo mazungumzo ya mjini yalikuwa juu ya kodi za nyumba zilivyopandishwa na wageni wa mahakama.

Nimalizie na yatima, kwa sababu wao ndio waliobaki kusimulia. Shirika la misaada la Wamarekani lililoanzishwa 1915 liliwalea zaidi ya 130,000 katika miaka iliyofuata, Syria, Lebanon, Ugiriki na Armenia yenyewe. Mwaka 1924 Ras Tafari Makonnen, ambaye baadaye mlimjua kama Haile Selassie, alitembelea Yerusalemu, akawakuta vijana 40 wa Kiarmenia wakipiga tarumbeta katika bendi ya yatima. Akawachukua wote 40 mpaka Addis Ababa wakawa bendi ya ufalme. Kiongozi wao, Kevork Nalbandian, alitunga muziki wa wimbo wa taifa wa Ethiopia uliopigwa mpaka ufalme ulipoanguka. Wahabeshi waliwaita Arba Lijoch, watoto arobaini.

Na kule Aleppo, mwanamke wa Kidenishi aitwaye Karen Jeppe alifungua nyumba kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, kuwapokea wanawake na watoto waliotoroka au kukombolewa kutoka nyumba walizochukuliwa. Walifika mmoja mmoja, wengine wamechanjwa chale za rangi ya samawati usoni kama ilivyo desturi ya makabila ya jangwani, wengine hawajui tena Kiarmenia hata neno moja. Kila aliyefika aliandikwa katika daftari. Daftari hizo ziko Geneva hadi leo, zina watu zaidi ya 1,600. Kila mmoja ana picha yake na mistari michache ya yaliyompata: jina, jina la baba, umri, mahali alikozaliwa. Wako walioandikwa Urfa, wako wa Erzurum. Na wako wa Harput, mji wa ile cherehani.